Kioo cha Watu wa Hapa

Namba zilitoka chini tena.

Evelina Machibya alikuwa amekaa mbele ya kisomaji, katika chumba cha nyuma cha duka la vioo la akina Kushal, Mirongo. Aliitazama skrini mpaka ikajizima yenyewe. Akabonyeza kitufe, ikawaka, na namba zilikuwa zilezile. Mgonjwa wa kwanza, pungufu. Wa pili, pungufu. Wa tatu, pungufu zaidi.

"Zimesemaje?" Kushal aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la karanga za kukaanga, anatafuna.

"Zinasema mashine inawapunja wagonjwa."

"Au?"

"Au kioo chako kinadanganya."

"Msikie huyu. Kikisema kweli ni kioo chetu, kikidanganya ni changu."

Akamsogezea bakuli. Evelina hakuchukua hata punje moja, na kwa waliomfahamu hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Kioo kilikuwa cha wote wawili, ukweli usemwe. Evelina alikuwa mtaalamu wa fizikia katika kituo cha tiba ya saratani kando ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mionzi inayotolewa na mashine ndiyo inayomfikia mgonjwa, isizidi wala isipungue. Kushal alikuwa mtoto wa duka. Babu yake aliwakatia watu wa mji huu vioo vya madirisha kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe, baada ya kusomea vioo huko Gujarat, India, alirudi na tanuri dogo la umeme na maneno mengi. Walikutana siku Evelina alipokwenda kukatiwa kioo cha dirisha la bafuni. Mpaka anatoka dukani walikuwa wameshabishana kuhusu boraksi.

Watu wakisikia kwamba Mwanza kuna wanaotengeneza kioo cha kupimia mionzi, hudhani wanachota mchanga wa ziwa. Wapi. Kushal aliyeyusha boraksi na chumvi ya lithiamu, akatia shaba kidogo mno, kama mpishi atiavyo iliki. Kioo kikiwa bado laini alikivuta uzi, akauzungushia kwenye waya. Kikipoa, ukauchomoa waya, unabaki na ushanga wenye tundu katikati, mdogo kama punje ya mtama.

Ushanga huo ukilazwa juu ya ngozi ya mgonjwa, humeza mionzi na kuitunza. Ukipashwa moto ndani ya kisomaji, hukirudisha kile ulichokitunza kama mwanga hafifu, ambao jicho haliuoni ila kifaa kinauona. Mionzi mingi, mwanga mwingi. Mionzi kidogo, mwanga kidogo. Mashine inasema nimetoa kiasi hiki, ushanga unasema kilichofika ni hiki. Vikikubaliana, watu wanalala usingizi.

Zamani kituo kiliagiza vipimo vya namna hiyo ng'ambo, navyo vilikuja vilipojisikia. Ndiyo maana uongozi ulikuwa umeahidi: shanga zikienda vizuri mwezi huu kwa wagonjwa, zitakuwa kipimo cha kila siku. Kabla ya hapo zilikuwa zimejaribiwa muda mrefu ndani ya tanki la maji, linalowekwa chini ya mashine badala ya mwili wa mtu, na hazikuwahi kukosea. Sasa zilikuwa kwenye miili ya watu, na zilikuwa zinasema jambo la kutisha.

"Jumatano zilikuwa sawa," Evelina alisema. "Jumatano tu. Jumatatu chini, Jumanne chini, leo chini."

"Mashine inaugua siku mbili, inapona siku moja, halafu inaugua tena? Hata malaria haifanyi hivyo."

"Malaria ndivyo inavyofanya, Kushal."

"Basi ipewe dawa."

Juu ya vichwa vyao sauti ya mama yake Kushal ilishuka kwenye ngazi. "Kushal, umemkaribisha mwenzio chakula au unamlisha karanga kama kuku?"

"Anakataa, mama."

"Hakatai. Wewe hujui kukaribisha."

Huyo ndiye Savita. Shanga zilipotoka kwenye waya zilikwenda kwake, naye alizitunga kwenye mshipi mwembamba wa nailoni, ule wanaofungia ndoana, kwa vidole vilivyozoea kutunga maua ya ibada. Kila mgonjwa alikuwa na fundo lake. Evelina alimpigia kelele ya shukrani kutoka chini, akazima kisomaji, akaenda nyumbani bila kula.

*

"Leo tena mnanipamba?"

Paskazia alikuwa mkulima wa pamba kutoka Magu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa chali juu ya kitanda cha mashine, khanga imeshushwa mpaka kiunoni. Gladness, anayeendesha mashine, alikuwa anambandikia uzi wa shanga kifuani kwa utepe, kando ya kovu.

"Shikamoo mama," Evelina alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kila siku mnanivisha shanga, mahari siyaoni."

"Mahari si hii mashine yote, mama?" Gladness alisema. "Unajua bei yake?"

"Haina hata ndama. Baba yangu angekufukuza."

"Basi tulia hivyo hivyo, usicheke. Ukicheka kifua kinahama."

Walitoka, mlango mzito ukajifunga, wakakaa mbele ya skrini. Mashine ilianza kumzunguka Paskazia polepole. Naye alifumba macho, midomo ikicheza. Labda alisali, labda alikuwa bado anadai mahari.

"Umeniangalia mikono asubuhi nzima," Gladness alisema bila kugeuka.

"Sijakuangalia mikono."

"Evelina."

"Sawa. Nimekuangalia."

"Nimefanya hesabu yako mwenyewe. Ndani ya tanki la maji shanga ziko sawa. Kwa watu ni pungufu. Tanki na mtu vinatofautiana nini? Tanki umelipanga wewe. Watu nawalaza mimi." Aliikazia macho skrini. "Kwa hiyo shanga zako zinasema mimi sijui kumlaza mgonjwa."

"Hazijasema wewe."

"Zimesema nani?"

Evelina alikuwa ameshapima kila kitu alichojua kupima. Usiku uliopita alikuwa amewaza kwamba tanki halipumui, halitoki jasho, halina joto la mwili, na kila wazo lilikuwa limegonga ukuta. Shanga zilikaa mwilini dakika chache tu. Jasho la dakika chache haliwezi kuvuruga kioo.

Mlango ulipofunguka alimvua Paskazia uzi wake, akaukata katikati kwa mkasi. Nusu aliitia kwenye kopo la majani ya chai, lile ambalo Kushal hulifuata kila asubuhi kwa pikipiki na kulipeleka Mirongo. Nusu nyingine aliiviringisha kwenye karatasi ya sigara, akaitia kwenye kikopo cha dawa na kukizamisha ndani ya mkoba wake. Alitaka azisome mbali mbali. Zikitofautiana, angalau angejua kisomaji kinayumba.

"Umeugawa," Paskazia alisema, akifunga khanga. "Nusu yangu, nusu ya nani?"

"Zote zako, mama."

"Haya. Mimi nataka tu nimalize hii kazi nirudi, pamba inanisubiri. Wale vijana nikiwaachia wataivuna na majani yake." Alimtazama Evelina. "Kuna tatizo?"

"Hapana, mama."

"Mwanangu alikuwa akisema 'hapana, mama' kwa sauti hiyo hiyo alipopoteza ng'ombe."

*

Daktari Jonathan Ndalahwa hakupenda vikao. Kitu cha maana alikisemea barazani, akiwa amesimama, macho yakiwa ziwani. Kivuko cha Kamanga kilikuwa ndiyo kwanza kinaondoka, magari yamepangwa juu yake kama mikate.

"Ukisema mashine isimame, Jumatatu asubuhi naisimamisha," alisema. "Sitakuuliza mara mbili."

"Mafundi watakuja lini?"

"Kutoka ng'ambo? Wiki. Zaidi ya wiki. Na kuna watu wako katikati ya tiba. Ukiikatisha, uvimbe haukai pale unakusubiri."

"Nikisema isisimame, na kweli inawapunja?"

"Basi tunawachosha bure, na ugonjwa utarudi." Aligeuka. "Kuna njia ya tatu. Ukiwa na hakika kwamba kinachofika ni pungufu, tunaongeza. Tunaweza kuongeza leo hii. Lakini lazima uwe na hakika."

"Mita ya mashine yenyewe inasema kila kitu ni sawa."

"Mita ya mashine ni mashine. Ndiyo maana nakuuliza wewe." Akamgusa bega kidogo, kama mtu anayehakikisha kiti ni imara kabla ya kukikalia. "Jumatatu, Machibya."

Akishuka ngazi, Evelina alijikamata akiwaza jambo ambalo hakulipenda. Alikuwa anatumaini mashine iwe mbovu. Si kwa chuki. Ni kwamba mashine ikiwa mbovu, kioo kitakuwa kimeuona ubovu ambao hakuna mwingine aliyeuona, na hakuna atakayewauliza tena wao ni nani kutengeneza kipimo Mirongo. Alisimama kwenye ngazi akiwa ameshika chuma cha pembeni. Alimfikiria Paskazia na kovu lake, akalisukuma lile tumaini pembeni. Halikwenda mbali.

Kwa kawaida alikwenda Mirongo saa kumi na moja, kazi ikiisha. Siku hiyo hakuweza kungoja. Saa sita alichukua mkoba, akaenda.

*

Duka lilikuwa limefungwa nusu. Kushal alikuwa amekwenda Buzuruga kupima madirisha ya mteja. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu, tanuri limepoa, na kopo la majani ya chai lilikuwa juu ya meza, wazi, halina kitu.

"Nani huyo?" Savita aliita kutoka juu.

"Ni mimi mama, Evelina. Shikamoo."

"Marahaba. Panda. Leo hakuna karanga, utakula chakula."

Alipanda ngazi mpaka juu ya paa. Jua lilikuwa kali, saruji inapumua joto, na mbali nyuma ya mapaa ya bati ziwa lilikuwa jeupe tupu. Savita alikuwa amejifunika kichwa kwa ncha ya sari yake, anageuza pilipili nyekundu kwenye ungo. Pembeni kulikuwa na papadi, vile vichapati vyembamba vya dengu, zimepangwa juu ya shuka. Pembeni ya papadi palikuwa na sinia la chuma, limetandikwa kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa nyuzi za shanga zimenyooshwa moja moja, kila moja na fundo lake, zinameremeta.

Evelina alitazama sinia. Akavuta ndoo iliyokuwa imefunikwa, akaikalia.

"Mama. Zile ni shanga za leo?"

"Za leo. Bado hazijakauka vizuri, subiri kidogo nizigeuze."

"Unazianika."

"Nikishaziosha. Sabuni, na ndimu kidogo." Savita alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapika wali kwa maji. "Eve, hizi zimelala juu ya wagonjwa. Unataka nizipitishe na jasho lao kwenye nyumba yangu? Karibu na jiko? Karibu na mungu wangu? Kitu kikitoka hospitali kinaoshwa, kinapigwa jua, ndipo kinaingia ndani. Mama yangu alifanya hivyo. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinifanyia mimi mwenyewe nilipotoka kujifungua. Mama yako hafanyi?"

Evelina alimwona mama yake, kule kwao, akitandaza juu ya mawe mashuka yaliyotoka wodini, mpaka yakakakamaa kama mbao.

"Anafanya."

"Haya sasa."

"Umeanza lini, mama?"

"Mlipoanza kuziweka kwa watu. Zile za kwenye tanki niliziosha za nini? Maji ni maji."

"Na Jumatano?"

"Jumatano si mvua ilinyesha kutwa? Nilizipangusa kwa kitambaa tu, nikazirudisha kwenye kopo. Moyo wangu haukutulia mpaka Alhamisi." Mikono yake ilisimama juu ya pilipili. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kusoma nyuso. "Nimeharibu kitu?"

"Sijui bado, mama."

Lakini alikuwa anajua. Alijua tangu zamani kwamba mwanga hufungulia kile ambacho kioo kimekitunza, kikavuja kabla ya kupimwa. Alimweleza Kushal, na wakajaribu: chini ya taa ya duka, kando ya dirisha, hasara ilikuwa ndogo ya kuvumilika. Wakanunua kopo lisilopitisha mwanga na kuona wamemaliza. Hakuna aliyeziweka shanga juu ya paa la Mwanza saa sita mchana. Na hakuna aliyewaza kumweleza chochote mtu ambaye vidole vyake vilizishika kuliko vya mwingine yeyote. Walikuwa wamezungumzia mwanga kwa saa nzima, chini ya miguu yake.

Alibeba sinia, akalifunika kwa khanga yake, akashuka nalo.

*

Kushal alirudi akamkuta mbele ya kisomaji. Nusu ya kwanza ya uzi wa Paskazia, ile iliyotoka kwenye kikopo cha mkobani, ilikuwa imeshasomwa: namba zilisimama palepale mashine iliposema zisimame. Nusu ya pili, iliyotoka kwenye sinia, ilikuwa inasomwa sasa. Ilitoka chini. Uzi mmoja, kifua kimoja, dakika zile zile.

Alimsimulia. Kushal alicheka kwanza. Aliegemea mlango akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akakaa kwenye boksi la vioo, kicheko kikaisha.

"Kwa hiyo mashine ni nzima, kioo ni kizima," alisema. "Mbovu ni mama yangu."

"Usimseme mama yako."

"Namsema kwa upendo. Basi yamekwisha. Jumatatu unamwambia daktari lilikuwa kosa la usafi. Mimi leo hii nanunua kaniki, tunashona vifuko, kila uzi kifuko chake, cheusi ti, hata jua la Shinyanga halipenyi. Tunaandika juu: usianike. Mwezi tunauanza upya."

"Nani atasoma?"

"Anayejua kusoma."

"Kushal, kila mahali shanga hizi zitakapokwenda kuna Mama Savita wake. Musoma yupo. Bukoba yupo. Kuna mtu wa usafi ataona zimelowa jasho la mgonjwa, atazitoa kwenye kifuko chako, atazisugua, ataziweka juani. Na si kwa ujinga. Ndivyo tunavyosafisha vitu, sisi wote, wewe na mimi. Kioo kinachotaka watu waache kuanika siyo kioo cha watu wa hapa."

"Hakuna kioo kisichoguswa na jua."

"Kipo kinachoguswa kidogo. Hatujakitafuta, kwa sababu hiki kilitupendeza."

Kushal aliinuka, akalifungua tanuri, akalifunga. Hapakuwa na kitu ndani yake.

"Ni miaka miwili ya mikono yangu, Eve."

"Na yangu."

"Wewe unaweza kurudi kwenye mashine yako. Mimi nitarudi kukata vioo vya bafuni."

Evelina alikuwa anazitazama zile nusu mbili, zote nyeupe, zote nzuri, huwezi kuzitofautisha kwa macho.

"Unajua Jumatatu ningesema nini?" aliuliza. "Ningesema mashine inapunja. Nilikuwa nataka kusema hivyo. Daktari angenisikiliza, wangeongeza. Wangeongeza juu ya kipimo ambacho kilikuwa sawa tangu mwanzo. Yule mama wa Magu angeungua kwa neno langu, na neno langu lingekuwa limetoka kwenye sinia."

Nje, muuza maji alipita na toroli lake, magurudumu yakigonga mawe. Kushal alichukua ufagio, akaanza kufagia vipande vya kioo ambavyo hakuna aliyevivunja siku hiyo. Hakusema ndiyo. Ila kaniki hakwenda kununua.

*

"Mashine?" Daktari Ndalahwa aliuliza Jumatatu, barazani, kikombe cha chai mkononi.

"Nzima. Na Gladness hana kosa lolote. Naomba umwambie mwenyewe, akisikia kwangu hataamini."

"Na shanga?"

Evelina alimweleza yote: kopo, paa, ndimu, sinia. Hakumtaja Savita kwa jina. Alisema "tuliosha na kuanika", na Daktari, ambaye mama yake pia alikuwa na mawe ya kuanikia, aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Zikifunikwa?"

"Zikifunikwa ni sahihi kabisa."

"Basi zifunikwe."

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Alichotakiwa kusema ni ndiyo. Alikiona kioo chao kikipita kwenye mlango wa kituo, mwezi ukiisha, uongozi ukipiga makofi.

"Hapana, Daktari. Zikikosea, hukosea upande mmoja: husema mgonjwa amepata pungufu. Na anayesikia pungufu huongeza. Kipimo kinachokosea upande huo hakiwezi kukaa kwenye mwili wa mtu kwa kutegemea kifuko. Siziombei ruhusa mpaka tupate kioo kinachostahimili jua."

"Lini?"

"Sijui."

"Ahadi ya uongozi ilikuwa ya mwezi huu, Machibya. Ukipita, mimi sina ahadi nyingine ya kukupa. Wataagiza vipimo vya ng'ambo kama zamani."

"Waagize. Vinachelewa, lakini havidanganyi."

Daktari alimaliza chai yake. Alionekana kama mtu anayetaka kubishana na hapati pa kushika.

"Sawa," alisema, akaenda kumtafuta Gladness.

Gladness alikuja baadaye, akasimama mbele ya Evelina mikono kiunoni. "Wikiendi nzima nimemlaza mume wangu kwenye kochi nikipima kama najua kulaza watu. Amekasirika. Utakuja kumwomba radhi wewe."

"Nitakuja."

"Na soda."

Ndani, Paskazia alikuwa ameshapanda kitandani. Aliinua kichwa akatazama kifua chake kitupu.

"Leo sina shanga?"

"Leo huna, mama."

"Ndoa imevunjika kabla ya mahari."

"Tumerudi kujipanga, mama. Wachumba wenyewe hawakuwa tayari."

"Afadhali umesema mapema," Paskazia alisema, akalaza kichwa. "Wengine husema watoto wakishafika watatu."

Gladness alimwambia asicheke. Wakatoka, mlango ukafungwa, na mashine ikafanya kazi yake.

*

Jioni Evelina alikwenda Mirongo. Tanuri lilikuwa linawaka. Kushal alikuwa mbele yake, shati limelowa mgongoni, na alipomwona aliongea na tanuri badala yake.

"Nimepunguza shaba. Nimetia manganizi. Haitafaa, lakini nimetia."

"Mwadila, ngosha," Evelina alimsalimu Kisukuma, kwa sababu alijua kilugha hicho humlainisha.

"Usinisalimie. Nimekukasirikia mpaka Ijumaa."

Akapanda juu. Savita alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, jambo ambalo Evelina hakuwahi kuliona. Kibakuli cha shanga mpya na mshipi wa nailoni vilikuwa sakafuni, mbali kidogo na miguu yake, kama vitu vya mgeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakumkaribisha chakula. "Kushal amenieleza. Mimi sizigusi tena. Tafuteni msichana aliyesoma, azitunge."

"Mama, nimekuja kukuomba kazi."

"Kazi gani? Nimesema sizigusi."

"Tutayeyusha kioo kingine, na kingine, mpaka tupate kinachofaa. Kila kikitoka nitakipeleka kwenye mashine kimeze mionzi, halafu nakuletea wewe kabla ya kukisoma. Nataka ukifanyie kama ulivyofanya. Sabuni, ndimu, na jua la saa sita juu ya sinia. Usikihurumie."

Savita alimtazama kwa muda, akitafuta mzaha usoni mwake.

"Kwa hiyo kazi yangu ni kuharibu."

"Ndiyo, mama. Kisichoharibika mikononi mwako, hicho ndicho tutakipeleka kwa wagonjwa."

"Na vikiharibika vyote, mtamlaumu nani?"

"Kushal."

"Nimesikia," Kushal alisema kutoka chini.

Savita hakucheka, ila alikivuta kibakuli kwa kidole cha mguu mpaka kikafika karibu. Alichukua ushanga mmoja, akauinua kwenye mwanga wa jioni, akachungulia tunduni, kisha akatazama angani upande wa Kamanga, ambako wingu zito lilikuwa limeanza kukusanyika.

"Hizo za kwanza zitarudi kwangu lini? Kesho?"

"Kesho saa nne, mama."

"Basi uziwahishe. Wingu lile silipendi. Saa sita nataka ziwe juani."